Gari Linapochemsha na Kupoteza Maji: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kukitengeneza

Gari lililochemsha njiani, likaongezewa chupa tatu za maji na kuondoka, huhesabiwa na wengi kuwa limepona. Ukweli ni kwamba mfumo wa kupoozea injini umefungwa: maji huzunguka humo kwa humo, na gari zima linaweza kutembea miezi mingi bila kuhitaji nyongeza ya maana. Maji yakipungua, yametoka mahali fulani, na mahali hapo pasipotafutwa mapema, kinachofuata ni kufungua silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda), kazi ambayo mara nyingine humfikisha mwenye gari mahali pa kuambiwa kwamba ni afadhali anunue injini ya mtumba.

Mwongozo huu unafuata gari dogo la petroli aina ya Toyota IST lenye injini ya 1NZ-FE, kwa sababu magari hayo yamejaa katika barabara za Tanzania na ndilo nililohangaika nalo mimi mwenyewe. Hata hivyo, karibu kila kinachoelezwa hapa kinahusu pia magari mengine yanayopozwa kwa maji.

Kwanza elewa kazi ya mfuniko

Watu wengi wanaifahamu rejeta, feni na pampu ya maji, lakini hawaupi uzito mfuniko wa rejeta, ambao ndio sehemu ya bei ndogo kuliko zote na yenye kazi kubwa. Ukiusoma juu yake utakuta umeandikwa namba kama 0.9 au 1.1, ambayo ni kiwango cha shinikizo ambacho mfuniko huo unakizuia ndani ya mfumo kabla ya kuruhusu maji yapite kwenda kwenye tanki la akiba. Shinikizo hilo ndilo linalozuia maji yasichemke mapema. Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 jijini Dar es Salaam, lakini yakiwa chini ya mfuniko mzima huvumilia hadi karibu nyuzi 120.

Sasa chukua gari hilo hilo, lenye mfuniko uliochoka raba zake na lililojazwa maji matupu, ulipeleke Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700. Huko maji yaliyo wazi huchemka yakifika karibu nyuzi 94. Thamostati ya gari la aina hii, yaani vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta yakipata moto, huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na feni husubiri hadi maji yavuke nyuzi 90 ndipo iwake. Maana yake ni kwamba maji yanaweza kuanza kutokota kabla feni haijapata nafasi ya kufanya kazi, na mwenye gari akabaki kushangaa kwa nini gari lililotulia pwani linamwaibisha nyanda za juu.

Hatua ya kwanza: likichemsha ukiwa barabarani

Magari madogo mengi kutoka Japani hayana mshale wa joto kwenye dashibodi. Yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi, na taa nyekundu inayowaka wakati hali imekwisha kuwa mbaya. Kwa hiyo zizoee dalili za mapema: harufu tamutamu ndani ya gari, ubaridi wa kiyoyozi kugeuka uvuguvugu ghafla, na injini kupoteza nguvu. Iwapo lina mshale, usiamini mshale ulioshuka ghafla baada ya kupanda sana. Sensa ya joto hupima maji, na maji yakishaisha inabaki hewani na kutoa jibu la uongo wakati chuma kinaungua.

Ukiona dalili hizo kabla taa nyekundu haijawaka, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho wa joto na feni yake hadi mwisho wa kasi, kisha punguza mwendo. Abiria watalalamika, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili, na inaweza kukupa dakika chache za kufika mahali salama. Hita ikitoa hewa baridi wakati injini ina joto kali, fahamu kwamba maji yamepungua sana. Taa nyekundu ikiwaka au mvuke ukitoka, egesha na uzime injini mara moja. Anayepanda Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, asisimame kwenye kona hata kwa dharura hii ikiwa anaweza kuisogeza gari mita chache hadi mahali panapoonekana. Malori yanayoshuka pale hayana nafasi ya kukukwepa. Weka pembetatu za tahadhari mbali kidogo na gari. Matawi ya miti yanasaidia mchana, ila usiku hayaakisi mwanga.

Kisha subiri, na kusubiri huku kusipungue dakika 45. Kila mwaka kuna watu wanaobabuka uso na mikono kwa sababu walifungua rejeta baada ya dakika tano. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 yanabaki kuwa maji kwa sababu ya shinikizo tu, na mfuniko ukiondoka yanageuka mvuke papo hapo na kuruka nje. Kabla ya kuugusa mfuniko, bana mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa kinene: ukiwa mgumu kama tairi lililojazwa upepo, shinikizo bado lipo. Ukilegea, funika mfuniko kwa kitambaa kilicholoweshwa, geuza uso pembeni, uzungushe hadi kwenye kituo cha kwanza, pale unapokwama, uache upumue hadi mlio uishe, ndipo uubonyeze na kuuondoa.

Maji yamiminwe taratibu, kidogo kidogo, na yasiwe ya barafu, kwa kuwa chuma chenye moto kikikutana na maji baridi ghafla kinaweza kupasuka au kupinda. Tumia maji safi ya kunywa ukiwa nayo, na uepuke ya chumvi. Hesabu umemimina kiasi gani, kwa sababu fundi atakayekusaidia baadaye atalihitaji jibu hilo: mfumo wa gari la aina hii hubeba takribani lita 5, na gari lililomeza lita 1 halina habari moja na gari lililomeza lita 4.

Mpira ukiwa umepasuka karibu na ncha yake, kata sehemu iliyoharibika kwa kisu, usukume mpira uliobaki kwenye bomba na ukaze klampu. Ukipasuka katikati, ukaushe vizuri kisha uzungushie vipande vya tyubu ya baiskeli ukivivuta kwa nguvu, kila mzunguko ukikalia nusu ya uliotangulia. Kwa safari fupi ya tambarare hadi kwa fundi, mfuniko unaweza kuachwa kwenye kituo cha kwanza ili shinikizo lisifumue kiraka hicho, lakini kumbuka kwamba kwa kufanya hivyo umeshusha kiwango cha kuchemka, hivyo nenda polepole na usimame kila baada ya dakika kumi kukagua. Kabla ya kuwasha chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe kabisa, tafuta gari la kukuvuta.

Hatua ya pili: kutafuta panapovuja

Kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi, asubuhi kabla gari halijawashwa. Usiku wake tandaza katoni kubwa iliyokunjuliwa chini ya injini na uiwekee alama ya upande wa mbele, ili asubuhi ujue tone limeangukia wapi. Usibabaishwe na maji ya kiyoyozi, ambayo ni meupe kabisa, hayana harufu wala utelezi, na hudondoka karibu na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya abiria. Kulanti, yaani maji ya kupoozea yenye dawa, ina rangi, inateleza kidogo kati ya vidole, na ikikauka huacha ukoko wa waridi, kijani au mweupe. Ukoko huo ndio unaotafuta, kwa sababu sehemu nyingi huvuja zikiwa na moto tu na asubuhi zimekauka.

Chukua tochi na uanzie juu ukishuka chini. Kagua mishono ya rejeta mahali ambapo tanki la plastiki limebanwa kwenye alumini, kila ncha ya mpira na klampu yake, nyumba ya thamostati, tanki la akiba na mipira miwili ya hita inayoingia ukutani. Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya shafti yake, lililowekwa makusudi ili sili ikichoka maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Ukiona michirizi ikitoka kwenye tundu hilo, au puli ya pampu ikicheza ukiitikisa kwa mkono, pampu imemaliza kazi yake na haina haja ya mjadala. Ndani ya gari, pandisha zulia la upande wa abiria. Likiwa limelowa maji matamu yenye utelezi na kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta, rejeta ndogo ya hita imetoboka.

Gari langu lilinifundisha kwamba uvujaji mwingine hauonekani kwa macho. Lilikuwa linapoteza kiasi cha glasi moja kila siku mbili, katoni inaamka kavu, na gereji ya kwanza niliyoipeleka ikaamua bila kipimo chochote kwamba gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na bloku ya injini, imeharibika. Kabla ya kukubali nikaenda gereji nyingine yenye pampu ya kupimia shinikizo, ambayo hufungwa mahali pa mfuniko na kusukumwa kwa mkono kama pampu ya baiskeli, ikiwa na geji yake. Fundi aliisukuma hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, akasubiri, na ndani ya dakika nne mshale ukawa umeshuka robo. Akapitisha kioo kidogo nyuma ya tanki la juu la rejeta, akamulika, tukaona: ufa mwembamba kama unywele chini ya bega la plastiki, na kishanga kimoja cha maji kikivimba polepole, kinatelezea kwenye mapezi ya alumini na kupotea. Gari likitembea, kishanga hicho kilikuwa kinakauka juu ya mapezi yenye moto kabla ya kufika chini. Hedi ilikuwa nzima.

Kwa hiyo dai kipimo hicho kabla ya kukubali kazi yoyote kubwa. Shinikizo lisizidi namba ya mfuniko, na liachwe dakika 15. Likishuka bila tone kuonekana popote, chomoa plagi za injini uone kama mojawapo imelowa, kagua oili, na kagua zulia. Mfuniko nao upimwe kwa pampu hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: kama halivuji lakini linachemsha

Hapa swali la kwanza kujiuliza ni lini linachemsha. Gari linalochemsha kwenye foleni ya Ubungo na kutulia likishika kasi kwenye barabara ya Morogoro lina tatizo la upepo, yaani feni, kwa sababu kwenye mwendo upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni bure. Gari linalotulia kwenye foleni na kuchemsha likiwa kwenye mlima au mwendo mkali lina tatizo la mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba, thamostati isiyofunguka vizuri, mkanda unaoteleza, pampu iliyolika mapanga, au mpira wa chini unaonyonywa na kujibana injini inapokanyagwa. Kanuni hii moja itakuokolea fedha nyingi za kubadilisha vitu kwa kubahatisha.

Kwa feni, washa kiyoyozi injini ikiwa inaunguruma; feni inapaswa kuzunguka ndani ya sekunde chache. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini haiwaki kwa joto, mota ni nzima na kasoro iko kwenye sensa, rilei (swichi ya umeme inayoiwasha feni) au nyaya. Isipozunguka kabisa, anza na fyuzi, kisha badilishanisha rilei yake na nyingine inayofanana nayo katika sanduku lile lile. Mafundi wengi hukimbilia kuifanya feni kuwa dairekti, izunguke muda wote ufunguo ukiwashwa. Kama njia ya kukufikisha nyumbani sina ugomvi nayo, lakini ikiachwa miaka mota huungua, na siku inapoungua hakuna onyo.

Thamostati hupimwa jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, washa jiko, na uangalie inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Namba yake huwa imegongwa kwenye chuma chake. Isipofunguka hadi maji yanachemka, itupe. Lakini kuitoa na kuacha pengo, desturi iliyoenea mno kwetu kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto, si matengenezo. Injini inayotembea ikiwa baridi mno hunywa petroli zaidi, oili yake huchafuka upesi, na katika baadhi ya injini thamostati ndiyo pia inayofunga njia ya mkato ya maji, kiasi kwamba ikiondolewa sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta na gari huchemsha zaidi kuliko mwanzo.

Rejeta iliyoziba huonekana kwa kugusa. Zima injini iliyopata moto, chomoa plagi ya umeme ya feni kwa kuwa feni inaweza kuwaka yenyewe hata gari likiwa limezimwa, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta: sehemu zilizopoa katikati ya sehemu za moto ni mirija iliyojaa kutu na chokaa. Magari yaliyojazwa kwa miaka maji ya visima vya chumvi vya Dar es Salaam huugua hivi. Usisahau nje: kati ya kondensa ya kiyoyozi (rejeta yake iliyo mbele) na rejeta hukaa wadudu na vumbi lililogandamana, na huoshwa kwa maji yasiyo na nguvu kubwa yakitokea upande wa injini kwenda nje.

Kuhusu gasketi ya hedi

Ni ya kushukiwa ikiwa mipira ya rejeta inakuwa migumu ndani ya dakika moja ya kuwasha injini baridi, mapovu yanatoka mfululizo kwenye rejeta, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hauishi hata injini ikipata moto, au injini inatetemeka asubuhi kisha inatulia. Kipimo chake ni kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta: kikikutana na gesi ya ekzosi ya injini ya petroli hugeuka njano. Ikithibitika, usikubali gasketi mpya ifungwe kabla hedi haijawekewa rula ya chuma na kupimwa kupinda. Kwa injini hii kiwango kinachovumilika ni milimita 0.05 tu, na hedi iliyozidi hapo hupelekwa kwa wachonga vyuma ikasawazishwe.

Hatua ya nne: kutengeneza na kujaza upya

Dawa za kuziba zinazomiminwa kwenye rejeta huziba tundu, na huziba pia mirija ya hita na ya rejeta yenyewe, mimi sizitumii. Gundi ya epoksi kwenye ufa wa plastiki hudumu siku chache, kwa kuwa plastiki hutanuka na kusinyaa kila gari linapopata moto na kupoa. Rejeta ya namna hiyo hubadilishwa. Ukinunua ya mtumba, mwombe muuzaji azibe midomo yake, aizamishe kwenye pipa la maji na kuijaza upepo kabla hujalipa. Kwa gari la giaboksi ya otomatiki, mirija ya mafuta ya giaboksi hupita kwenye tanki la rejeta, kwa hiyo baada ya kubadilisha ni lazima kiwango cha mafuta hayo kipimwe. Na kama yamegeuka mazito ya rangi ya waridi yenye povu, maji yameshaingia kwenye giaboksi.

Baada ya kufunga kifaa kipya, mwaga maji yote ya zamani injini ikiwa baridi, jaza maji safi, washa na hita ikiwa wazi hadi mpira wa chini upate moto, poza, mwaga tena, na urudie hadi yatoke meupe. Kinga kulanti ya zamani kwenye ndoo, usiiache ardhini: ina ladha tamu inayovuta mbwa na watoto, na ile ya ethilini glikoli ni sumu inayoua figo.

Soma chombo cha kulanti mpya. Iliyochanganywa tayari humiminwa kama ilivyo, na ile nzito huchanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri, yale ya kuongezea na si asidi. Rangi haitoshi kukuambia aina, kwa hiyo usichanganye mbili kwa kuwa tu zimefanana.

Egesha gari pua ikiwa imeinuka kidogo, fungua hita hadi mwisho, jaza polepole mfuniko ukiwa wazi, washa, na ubanebane mipira ya rejeta ili hewa itoke. Maji yatashuka kwa mkupuo thamostati inapofunguka; ongeza. Acha hadi feni iwake na kuzima mara mbili, kisha funga mfuniko na ujaze tanki la akiba hadi alama ya juu.

Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, fungua rejeta uongeze kilichopungua, kwa kuwa hewa iliyojificha huwa imetoka usiku. Chukua kalamu ya wino usiofutika, chora mstari kwenye tanki la akiba mahali maji yalipo, na uandike tarehe. Kagua mstari huo kila asubuhi kwa wiki mbili kabla ya kuwasha. Ukishuka kidogo siku tatu za mwanzo na kusimama, ilikuwa hewa. Ukiendelea kushuka, rudisha gari kwenye pampu ya shinikizo kabla ya safari yoyote ndefu.